Mbwa mdogo anapojikuna bila kukoma

MBWA mdogo anayejikuna bila kukoma huenda ana mzio, na katika pwani ya Malindi na Kilifi washukiwa wa kwanza ni viroboto. Joto na unyevu huwawezesha kuzaana mwaka mzima. Mbwa mwenye mzio wa mate yao huwashwa kwa siku kadhaa hata akiumwa na wachache tu, hasa mgongoni karibu na mkia.

Kumwogesha pekee hakutoshi, kwani mayai na mabuu hujificha katika matandiko na nyufa za sakafu. Watibu wanyama wote wa nyumbani na ufue matandiko kwa maji moto.

Muwasho ukidumu, daktari wa mifugo achunguze upele wa utitiri, kisha chakula. Sindano ya kutuliza muwasho haiondoi chanzo.