Dawa za wanawake zenye lebo za uongo (Marekani)

Dawa za chupa zilizouzwa Marekani bila cheti cha daktari, hasa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kwa ahadi ya kuponya maumivu ya hedhi, magonjwa ya mji wa mimba na hata utasa. Iliyovuma zaidi ilikuwa ya Lydia Pinkham wa Lynn, Massachusetts, iliyoingia sokoni mwaka 1875: mitishamba ndani ya pombe ya takriban asilimia 18. Pinkham alifariki mwaka 1883, lakini matangazo yaliendelea kuwahimiza wanawake wamwandikie barua, mpaka mwaka 1905 jarida la Ladies' Home Journal lilipochapisha picha ya kaburi lake.

Sheria ya Vyakula na Dawa ya mwaka 1906 ililazimisha lebo kutaja pombe, afyuni na kokeini. Haikutosha. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya dawa ya saratani, kwamba sheria hiyo haikugusa madai ya uponyaji. Marekebisho ya Sherley ya mwaka 1912 yaliyapiga marufuku madai ya uongo, ila serikali ilipaswa kuthibitisha nia ya kulaghai: mwanya mpana kwa muuzaji yeyote aliyejua kujifanya anaiamini dawa yake. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1938.