Port, sherry au Madeira? Chupa ipi inafaa kwa joto la Kahama

Mtu wa Kahama akiletewa zawadi ya chupa ya port, mara nyingi huinywa kama waini nyingine yoyote. Glasi inajazwa, inaongezwa tena, watu wanasifia utamu. Kesho yake alfajiri basi la wafanyakazi linapiga honi, na mgodini kuna kipimo cha kilevi.

Mgodi wa Buzwagi wenyewe, ulioanza kuzalisha dhahabu 2009, umeshafungwa. Lakini Kahama bado ni mji wa watu wa shifti, na migodi mikubwa haina mchezo na pombe kazini. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi tamu, jua kwanza unanunua nini.

Port, sherry na Madeira ni mvinyo wa zabibu ulioongezwa pombe kali, kwa kawaida ya zabibu pia. Waini ya kawaida ina kilevi cha asilimia 11 hadi 14 hivi. Port ina 19 hadi 22.

Piga hesabu. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25 za pombe halisi. Glasi ya mililita 125 ya port yenye asilimia 20 ina mililita 25 vilevile. Yaani kaglasi kale kadogo ni bia moja kubwa, na chupa nzima ya mililita 750 ni bia sita. Ndiyo maana wenye mazoea nayo humimina mililita 60 au 75 tu.

Mwili huondoa takriban gramu 7 hadi 10 za pombe kwa saa, na nusu chupa ya port ina karibu gramu 60. Anayeimaliza saa sita usiku anaweza kabisa kufika getini saa kumi na mbili asubuhi kilevi kikiwa bado mwilini. Supu ya mbuzi, kahawa na kuoga maji baridi haviharakishi chochote. Kuzimua ndiyo kabisa, hapo unaongeza.

Tofauti ya ladha inatokana na wakati pombe kali inapoongezwa.

Port hutoka bonde la mto Douro, Ureno. Pombe kali inamwagwa juisi ikiwa bado inachachuka, hamira inakufa, sukari ya zabibu inabaki. Ndiyo maana ni tamu. Aina ya ruby ni nyekundu, changa, yenye ladha ya matunda, na mara nyingi ndiyo ya bei nafuu. Tawny hukaa miaka kwenye mapipa ya mbao hadi rangi inakuwa ya kahawia na ladha inaelekea kwenye karanga na asali iliyoungua kidogo. Ukiona 10 au 20 kwenye lebo ya tawny, ni miaka ya ukomavu. Vintage ni ya mwaka mmoja uliochaguliwa, ghali, ina mashapo chini ya chupa, na ikishafunguliwa inatakiwa kuisha ndani ya siku mbili tatu. Kwa kikao cha watu wawili, achana nayo.

Sherry ya Jerez, Hispania, inaenda kinyume. Juisi huachwa ichachuke hadi sukari iishe, ndipo pombe kali inaongezwa. Fino ina kilevi cha kama asilimia 15 na ni kavu kwelikweli. Aliyezoea waini tamu anaweza kudhani imeharibika. Iweke kwenye friji, inywe baridi na sato wa kukaanga au korosho, ndani ya siku chache. Oloroso ni nyeusi na nzito zaidi. Anayetaka utamu atafute iliyoandikwa Cream, au Pedro Ximénez, inayotengenezwa kwa zabibu zilizoanikwa juani na inayomiminika kama sukari guru iliyoyeyushwa.

Sasa joto. Duka la bati lenye rafu inayopigwa na jua la mchana linaharibu waini hata kabla hujailipia, na nyumbani umeme ukikatika friji inabaki kabati. Hapa Madeira inashinda wote. Mvinyo huu wa kisiwa cha Ureno kwenye Atlantiki ulipata sifa yake zamani mapipa yalipovuka tropiki kwenye meli na kurudi matamu zaidi. Siku hizi joto hilo huwekwa makusudi: mapipa hukaa miaka kwenye vyumba vya joto, au mvinyo hupashwa kwenye matangi kwa angalau miezi mitatu. Kwa kuwa ulishapikwa, chupa iliyofunguliwa inavumilia miezi mingi kabatini. Sercial ndiyo kavu zaidi, Verdelho inafuata, Boal ni tamu, Malmsey tamu kuliko zote.

Kwa kulinganisha, tawny iliyofunguliwa inakaa mwezi hivi ikiwekwa kwenye friji, ruby wiki mbili tatu. Kwa hiyo anayekunywa glasi moja wikendi anafaa kununua Madeira au tawny. Ruby ni ya siku wageni wamejaa.

Madeira si rahisi kuipata Kahama, hilo ni kweli. Dompo ya Dodoma, nyekundu na tamu, ndiyo inayoonekana zaidi madukani kwetu, na ina nguvu kuliko waini ya kawaida. Usiipime kwa ulimi, maana sukari inaficha ukali. Soma asilimia kwenye lebo.

Angalia pia stempu ya kodi ya kielektroniki na uihakiki kwa programu ya Hakiki Stempu ya TRA. Kizibo kilicholegea au bei ya chini kupita kiasi, rudisha chupa rafuni.

Na ikibaki ikapoteza harufu, usiimwage. Port iliyochoka haijawa sumu. Vijiko vitatu kwenye rosti ya ng'ombe, vitunguu vikishakuwa vya kahawia, vinatosha sufuria nzima.