Barabara ya Nangurukuru hadi Kilwa Masoko

Nawasalimu ninyi mliokaa darasani huko Songo Mnara, na wenzenu wa Kisiwani, Masoko, Kivinje na kokote mnakotusikiliza. Ndugu mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: NJIA PANDA, LAMI, BANDARI. Wanafunzi wayasome kwa sauti, kisha tuendelee.

Somo letu la leo ni habari ya barabara. Si barabara ndefu. Inaanza Nangurukuru, kwenye njia panda, pale inapopita barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Inaelekea kusini-mashariki na kuishia baharini, Kilwa Masoko. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 35 tu, na yote ina lami. Abiria aliyechoka husinzia Nangurukuru akaamshwa Masoko.

Najua mzee mmoja hapo darasani anasema moyoni, "Sisi ni watu wa kisiwani, gari halifiki kwetu. Barabara yatuhusu nini?" Swali hilo ni zuri, nami nalipenda. Basi tuanze na kisiwa chenyewe.

Magofu mnayopita kila siku mkienda mashambani ni mji uliokuwa hai katika karne ya 14, ya 15 na mwanzo wa karne ya 16. Ulikuwa na misikiti mitano, jumba kubwa, na nyumba za mawe zaidi ya 30. Waliojenga mji ule hawakuwa na barabara ya bara. Barabara yao ilikuwa bahari. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikavirudisha. Dhahabu ilitoka Sofala, mbali kusini. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alifika kwa chombo, kama mgeni yeyote wa siku zile.

Tena iko hadithi katika habari za kale za Kilwa. Yasemwa kwamba zamani maji yakitoka mtu aliweza kuvuka kwa miguu kutoka bara mpaka Kisiwani. Mgeni kutoka Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo, nyingi za kutosha kukizunguka chote. Alipokwisha kukipata, wakachimba ule mkondo ili mfalme wa bara asiweze kurudi. Mimi siwezi kuapa kwamba ilikuwa hivyo. Lakini angalieni jambo hili: hadithi ya kwanza ya njia ya Kilwa ni hadithi ya njia iliyokatwa kwa makusudi.

Katika karne ya 19 mambo yaligeuka. Mji mkubwa sasa ulikuwa Kivinje, upande wa bara. Huko ndiko iliishia misafara ya miguu iliyotoka Ziwa Nyasa, imebeba pembe na kuburuta watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Baadaye wakaja Wadachi. Mwaka 1895 walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya huko Kivinje, na mahali pale mpaka leo paitwa Mwembe Kinyonga.

Mbona basi barabara yetu haiishii Kivinje? Jibu ni maji. Kivinje maji yakitoka, pwani inabaki matope na vyombo vinalala ubavu. Masoko bandari ina kina. Wakati wa utawala wa Waingereza makao ya wilaya yalihamishiwa Masoko, na barabara hufuata ofisi kama mkia unavyofuata ng'ombe. Kivinje ikabaki pembeni, kilomita chache nje ya barabara, na nyumba zake nzuri nyingi zikaanza kuanguka. Kwa maoni yangu ilionewa kidogo.

Lakini si kila kitu kilihama. Hospitali ya Wilaya, Kinyonga, iko Kivinje. Hapa sasa, mzee wangu, ndipo swali lako linapojibiwa. Mama wa Songo Mnara akishikwa na uchungu, nao ukawa mgumu, hupakiwa chomboni mpaka Masoko. Halafu hutiwa garini na kufuata barabara hii hii mpaka Kivinje. Upepo ukikataa, amechelewa. Gari likikosekana, amechelewa mara mbili.

Na barabara yetu nayo yategemea mama yake, ile barabara kuu. Wenye umri wanakumbuka kivuko cha Ndundu katika mto Rufiji. Mto ukifurika, magari yalilala ng'ambo siku nyingi, na sukari ikaadimika madukani. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003. Hata hivyo, Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu huko Somanga, na mabasi yakasimama. Lami ya Nangurukuru ilikuwa nzima, lakini haikuwa na pa kwenda.

Mwaka 2023 liliwekwa jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Masoko. Samaki huoza upesi kuliko nahau aongeavyo, kwa hiyo mvuvi naye ana haja ya kuuliza habari za barabara. (Tafadhali msichanganye Songo Mnara na Songo Songo. Songo Songo ni kisiwa cha kaskazini, chenye gesi.)

Sasa kazi ya darasa. Kila mmoja amtafute mzee aliyewahi kuvuka Ndundu kabla ya 2003. Amwulize alisubiri siku ngapi, na alikula nini. Aandike sentensi tano, kwa herufi za kusomeka. Wiki ijayo mwalimu atazisoma mbele ya wote. Kwaherini.