Zipu ya Jaketi Imekufa? Subiri Kwanza, Hiyo Kitu Ina Stori ya Zaidi ya Miaka Mia

Wadau, leo nianze na kosa langu mwenyewe kabla sijaingia kwenye historia.

Julai iliyopita nilikuwa na safari ya Arusha, na kama mtoto halisi wa Dar sikuwa na nguo hata moja ya baridi. Nikamfuata mshkaji wangu mmoja wa bodaboda pale kijiweni, jina naliweka kapuni, nikaazima jaketi lake. Jeusi, zito, la mitumba, kola hadi masikioni. Ndilo analovaa kila siku akitoka saa kumi na moja alfajiri kupeleka wateja stendi. Akanipa bila maswali. Alichosema ni kimoja tu: "Kaka, Jumapili usiku liwe limerudi. Jumatatu niko barabarani."

Jumapili kwenye basi la kurudi, joto la Chalinze likanipiga, nikaivuta zipu chini kwa nguvu za kijinga. Ikashuka. Baadaye kidogo nikataka kuifunga. Kichwa cha zipu kikapanda vizuri kabisa mpaka shingoni, halafu huku chini jaketi lote likaachia wazi kama mdomo wa mtu anayepiga miayo. Meno yote yapo. Kichwa kipo. Ila hayashikani. Nikashusha, nikapandisha tena, wapi!

Kufika mtaani sikwenda hata nyumbani. Nikakimbilia kwa fundi cherehani mmoja mzee ambaye huwa anachelewa kufunga kibanda. Shikamoo, marahaba, nikamwekea jaketi mezani. Akaligeuza mara moja tu.

"Hii zipu haijafa, kijana. Kilichochoka ni kichwa. Na kichwa cha namba hii sina, mpaka niende Kariakoo. Njoo Alhamisi."

Alhamisi! Nikamweleza kwamba mwenye jaketi anatoka alfajiri. Akanicheka, akasema nikatafute plaizi, nikibane kichwa kidogo, kitanisogeza hizo siku mbili tatu. Kazi yake hiyo, angeweza kuninyima siri akaila hela yangu, lakini akanifundisha bure.

Nilivyofika geto nikafanya alichosema na ikakubali, nitawaelekeza mbele. Lakini lile neno lake halikunitoka kichwani. Haijafa, kilichochoka ni kichwa. Nikaanza kujiuliza hii kitu inafanyaje kazi, na nani alikaa chini akaiwaza. Kumbe waliohangaika nayo walihangaika kwelikweli.

Wa kwanza ni mtu ambaye kila fundi mtaani anamdai shukrani bila kumjua: Elias Howe, Mmarekani aliyepewa hataza ya cherehani mwaka 1846. Mwaka 1851 akapata hataza nyingine, ya kifaa cha kufunga nguo kwa mfululizo bila vifungo. Halafu? Hakuna. Hakuhangaika kukiuza. Wazo likalala usingizi wa zaidi ya miaka 40, watu wakaendelea kufunga vifungo na kamba.

Akaja Whitcomb Judson wa Chicago. Huyu mwaka 1893 akapewa hataza ya kifungio cha viatu, safu mbili za ndoano na vishikizo, na kitu cha kuteleza kinachozikutanisha. Mwaka huohuo Chicago ilikuwa na maonyesho makubwa ya dunia, mamilioni ya watu wakapita, Judson naye akapeleka kitu chake. Wakakitazama, wakaenda zao. Yaani fikiria umepata jukwaa kubwa kuliko yote na hakuna anayekupigia makofi. Lakini hakukata tamaa, wala mwanasheria mmoja aliyeitwa Lewis Walker, aliyekuwa ameweka hela zake kwenye kampuni yao. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakatoa toleo jipya la kufunga sketi na magauni. Shida yake ilikuwa moja, na ni ileile iliyonikuta mimi kwenye basi: lilikuwa linaachia lenyewe. Sasa pata picha, dada wa miaka ile amekaa mbele za watu na sketi inafunguka peke yake. Hiyo bidhaa ingesalimika vipi?

Hapa ndipo stori inapokolea. Mwaka 1906 kampuni ikamwajiri kijana mmoja Msweden, Gideon Sundback, injinia wa umeme, aliyeingia Marekani mwaka mmoja tu kabla. Mtu wa mitambo ya umeme unamleta kwenye vifungo vya sketi! Wambea mtapenda sababu mojawapo iliyomtuliza pale: meneja wa kiwanda alikuwa na binti, anaitwa Elvira. Mwaka 1909 wakaoana. Mwaka 1911 Elvira akafariki.

Sundback akajifungia na kazi. Kuna watu msiba unawalaza, na kuna watu unawafanya wasilale. Huyu alikuwa wa pili. Akajaribu kuachana kabisa na ndoano: upande mmoja vibanio, upande wa pili kitambaa chenye ukingo mnene. Ilifunga vizuri, ila kitambaa kililika haraka mno. Akaitupa hiyo akaanza upya, na kufikia mwishoni mwa 1913 alikuwa na kitu ambacho nakuomba sasa hivi uvute jaketi, begi au suruali yako ukitazame kwa karibu.

Kila jino la zipu lina kinundu upande mmoja na kishimo upande wa pili. Kinundu cha jino moja kinakaa kwenye kishimo cha jino linalofuata, kama vijiko vilivyopangwa droo. Yakishapangana hayawezi kuachana kwa kuvutwa kushoto na kulia, kwa sababu kila moja limelibana mwenzake. Judson alikuwa na ndoano chache zilizokaa mbalimbali. Sundback akafinya meno yakawa madogo na mengi, kutoka kama manne hadi kama kumi kwa kila inchi.

Sasa kichwa. Kwa juu kina midomo miwili, kwa chini kimoja, ndani kuna njia ya umbo la Y. Kinapopanda kinayapokea meno kutoka pande mbili, kinayapinda kidogo ili nafasi zifunguke, kisha kinayabana yaingiliane. Kinaposhuka, ile kabari iliyo katikati ya midomo miwili inayatenganisha. Basi! Hakuna gundi wala sumaku. Ni chuma kidogo kinachobana kwa kipimo sahihi. Kipimo hicho kikiongezeka hata kidogo, kwa sababu kichwa kimevutwa maelfu ya mara au mjinga mmoja amekivuta kwa hasira kwenye basi, meno yanapita ndani bila kusukumwa vya kutosha. Yanatoka upande wa pili hayajashikana.

Ndiyo maana ya maneno ya yule mzee. Na ndiyo maana huwa inaniuma nikiona jaketi zima limetupwa jalalani na meno yake yote mazima.

Hataza ya Sundback ilitoka mwaka 1917, akatengeneza na mashine ya kuyakata meno na kuyabana kwenye utepe, kwa sababu bila mashine wazo lingebaki pambo la mezani. Kampuni ilikuwa imehamia Meadville, mji mdogo Pennsylvania. Vita ya Kwanza ya Dunia ikawapa wateja wa kwanza wa maana: mabaharia wa Marekani waliopenda mikanda ya kuwekea hela yenye zipu, maana sare zao hazikuwa na mifuko ya kueleweka. Jina lenyewe lilikuwa bado. Mwaka 1923 kampuni ya B.F. Goodrich ikaweka kifungio hicho kwenye viatu vya mpira vya mvua na kuviita Zipper, kwa ule mlio wake, zzzip. Lilikuwa jina la kiatu! Watu wakalihamishia kwenye kifungio, na kwetu likatua kama zipu.

Na jaketi je? Mwaka 1928, New York, Irving Schott akatoa jaketi la ngozi la waendesha pikipiki, Perfecto, likiwa na zipu mbele. Mtu wa pikipiki hana shida na urembo wa vifungo. Vifungo vinapitisha upepo katikati, na upepo ukiwa kwenye mwendo unaingia hadi mbavuni. Kwa hiyo ukimwona bodaboda ameifunga mpaka kidevuni alfajiri, ujue zipu imerudi kazini kwake kabisa.

Wajapani nao msiwasahau. Tadao Yoshida alianza biashara yake Tokyo mwaka 1934, kiwanda kikateketea kwa mabomu mwaka 1945, akaanza moja tena mkoani kwao Toyama. Ni zile herufi YKK unazoziona kwenye vichwa vya zipu nyingi tu.

Haya, turudi geto kwangu, saa nne usiku, na plaizi niliyoazima kwa jirani. (Ndiyo, niliazima tena. Sijifunzi.)

Shusha kichwa mpaka mwisho wa chini kabisa. Angalia ule upande wake wenye mdomo mmoja, unaoelekea chini. Ukikitazama kwa ubavu utaona bati la juu na bati la chini na nafasi katikati yake. Hiyo nafasi ndiyo imetanuka. Shika ukingo wa kushoto kwa plaizi, bana kidogo sana, kisha wa kulia vilevile. Jaribu kufunga. Bado? Bana tena kidogo. Usikamue kama unavunja karanga, vichwa vingi ni vya madini laini na vikipasuka hapo hakuna cha kuokoa. Ukibana kupita kiasi nacho kitagoma kutembea. Mimi mara ya tatu ikashika. Nilipiga kelele peke yangu kama goli la dakika ya tisini.

Kama tatizo lako ni zipu nzito tu, usiibane. Sugua meno kwa penseli ya kawaida, au mshumaa, au kipande cha sabuni kavu, ipandishe na kuishusha mara kadhaa. Na kama imeng'ata kitambaa cha ndani, vuta kitambaa kwa pembeni taratibu huku ukirudisha kichwa kilikotoka. Kuvuta mbele kwa nguvu ndiko kunakoua zipu za watu.

Plaizi ni dawa ya muda. Dawa yenyewe ni kichwa kipya, na hapo geuza kichwa cha zamani uangalie mgongoni. Mara nyingi kuna namba: 3, 5, 8, 10. Ni kama upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa milimita. Majaketi mengi ni namba 5, mazito hupanda. Nunua namba ileile na aina ileile, kwa sababu kichwa cha meno ya chuma hakielewani na zipu ya nailoni. Kule juu karibu na kola, upande unaobeba kichwa, kuna kizuizi kidogo. King'oe taratibu, toa kichwa cha zamani kwa juu, ingiza kipya midomo miwili ikitazama kola, kisha rudisha kizuizi. Kikiharibika, shona uzi mara sita saba hapo mwisho, kazi ni ileile.

Mahali pa kukubali yaishe ni pawili. Jino likiwa limeng'oka katikati, au kile kipini cha chini unachochomeka kabla ya kufunga kikiwa kimevunjika au utepe wake umechanika. Hapo ni zipu mpya. Unaweza kufumua mshono kwa wembe na kushona nyingine kwa mkono, ila andaa jioni nzima, pima urefu mara mbili, na anza kuzishikiza pande zote mbili kwa uzi wa muda zikiwa zimefungwa, la sivyo kola itapishana na utaonekana umevaa gizani. Kwa jaketi zito lenye bitana mimi nampelekea fundi. Sioni aibu.

Basi, Jumapili saa tano usiku jaketi likarudi kwa mwenyewe, limekunjwa, nikalitoa kwa mikono miwili kama posa. Sikusema kitu. Jumatatu sikulala vizuri. Kila nikisikia pikipiki alfajiri namwona mshkaji kifua wazi pale Ubungo.

Alhamisi nikachukua kichwa kipya kwa mzee, nikaenda kijiweni, nikakiri. Akanyamaza kidogo.

"Yaani siku zote hizi naendesha na zipu uliyoiminya kwa plaizi?"

"Ndiyo, kaka. Nisamehe."

Nikalitandika jaketi juu ya siti ya pikipiki, nikang'oa kizuizi, nikabadilisha kichwa mbele ya kijiwe kizima. Akalivaa. Akaipandisha, akaishusha, akaipandisha tena. Kisha akaingiza mkono mfuko wa kushoto na kuugeuzia kwangu.

"Na hii ya mfukoni haijafunga tangu mwaka juzi. Hebu shika hapa."