Kitale ni ya nani? Uzi kuhusu sensa, makabila na watu wa Kipsongo

Uzi mrefu kidogo, vuta kiti.

Kila uchaguzi ukikaribia kuna mtu anaweka ile ramani. Kaunti zimepakwa rangi, kila kabila na rangi yake, na Trans Nzoia inapewa rangi moja. Halafu chini yake vita: "sisi ndio wengi", "nyinyi wageni rudini kwenu". Mimi nimezaliwa Kipsongo, hapa Kitale. Baba Mturkana, mama Mbukusu wa upande wa Bungoma. Kwenye hiyo ramani sijui nisimame wapi, kwa hivyo nimeamua kuandika.

Nianze na usiku wa tarehe 24 Agosti 2019. Karani wa sensa alikuja na kishikwambi, kijana mpole, akamsalimia nyanya yangu vizuri kabisa. "Nyanya, wewe ni kabila gani?" Akasema Mturkana. Akaandika. Kuja kwangu, nikamwambia mimi ni wa baba Mturkana na mama Mbukusu. Akasema, "Boss, hapa naweka moja." Nikasema weka Turkana. Sekunde mbili, imeisha. Nusu ya damu yangu ilibaki nje ya mlango. Simlaumu, alikuwa anajaza alichopewa. Lakini hizo sekunde mbili ndizo watu wanakuja kurushiana hapa mtandaoni kama Biblia.

Sasa historia. Wakoloni walihesabu Wazungu na Wahindi mtu mmoja mmoja mwaka 1911, 1921, 1926 na 1931. Waafrika walikadiriwa tu, sana sana kwa kodi ya kibanda. Unahesabu vibanda, unakisia vichwa. Hesabu kamili ya kwanza ya Waafrika ilikuja 1948. Nchi ilikuwa na watu 5,405,966, na Wazungu hawakufika 30,000. Lakini ardhi nzuri ya Trans Nzoia yote ilikuwa imeandikwa jina la hao wachache. Walianza kugawiwa mashamba hapa kabla tu ya Vita vya Kwanza, wakaongezwa kuanzia 1919 kwa mpango wa kuwapa ardhi wanajeshi waliotoka vitani, na reli ikafika Kitale 1926.

Waliokuwa hapa kabla? Wasabaot upande wa Mlima Elgon na Wasengwer upande wa Cherangany. Wakasukumwa juu milimani na msituni. Tume ya Ardhi iliyoundwa 1932 ilisikiliza malalamiko, na kuhusu jamii ndogo za msituni pendekezo lake lilikuwa zimezwe na makabila makubwa ya jirani. Fikiria hilo. Serikali haikuchukua ardhi peke yake, ilipendekeza na jina lako lipotee.

Mashamba yalihitaji mikono. Hapo ndipo Wabukusu walikuja kwa wingi kulima mahindi ya mzungu, na Wakikuyu, Wanandi, Wateso na wengine. Wengi walizaa na kuzikana hapo hapo shambani. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema "sisi tuliingia baada ya uhuru", si kweli kwa kila mtu. Na anayesema "sisi tulikuwa hapa tangu Adamu" pia mpe maji anywe kwanza.

Mwaka 1962 tume nyingine ilizunguka nchi nzima ikichora mipaka ya mikoa. Wabukusu walitaka Trans Nzoia na Kitale ziende Magharibi. Wasabaot wa Elgon walitaka waende Bonde la Ufa. Matokeo: Trans Nzoia ikaenda Bonde la Ufa, Elgon ikaachwa Magharibi pamoja na Bungoma. Yaani kila upande ulipata kinyume cha ulichoomba. Kero nyingi unazosoma leo kuhusu Kitale na Bungoma zina mizizi kwenye kalamu hiyo.

Tuje kwenye majina yenyewe, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Babu wa mama yangu ungemuuliza kabila lake angekwambia Mbukusu, basi. Jina Luhya lilishika kasi miaka ya 1930 na 1940, wasomi na vyama vya wakati huo vikitafuta sauti moja kubwa. Kalenjin nalo ni la miaka ya 1940. Kwenye sensa ya 1969 Wakipsigis, Wanandi, Watugen, Wapokot na Wasabaot walihesabiwa mbali mbali. Baadaye wakawekwa kapu moja, na ghafla likawa moja ya makabila makubwa nchini. Hakuna aliyezaliwa usiku mmoja. Karatasi ndiyo ilibadilika.

Hata ile namba 42 tunayoimba tangu shule ya msingi inatokana na orodha ya 1969. Mwaka 2017 Wamakonde wakatangazwa kabila la 43, na Wakenya wenye asili ya Asia la 44. Hao babu zao wengine walifika na reli zaidi ya miaka 100 kabla.

Sensa ya 2009 ilitoa Kalenjin 4,967,328. Ukifungua hilo kapu unakuta Wasengwer 33,187. Siku za kampeni wao ni sehemu ya milioni tano. Siku za kutolewa msituni ni 33,187.

Na hizi namba si za kujisifu tu. Fomula ya kwanza ya kugawa pesa za kaunti iliweka asilimia 45 kwa idadi ya watu. Ndiyo maana 2010 serikali ilipofuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini, tatu zikiwa za Turkana, kwa kusema watu wamezidi, ilikuwa moto. Kuna pia sheria ya kaunti ya 2012: angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa wasio wa kabila kubwa la kaunti hiyo. Sheria nzuri. Lakini jedwali la makabila la 2019 tunaloonyeshwa sisi raia ni la nchi nzima: Kikuyu 8,148,668, Luhya 6,823,842, Kalenjin 6,358,113, mpaka Turkana 1,016,174. Kwa hivyo mtu akikuwekea hapa kwamba Trans Nzoia ni asilimia hii na hii, muulize kwa upole ameitoa wapi. Mara nyingi ameitoa kichwani. Tunachojua ni kwamba kaunti ilikuwa na watu 990,341.

Sisi wa Kipsongo tuko ndani ya hao. Nyanya alikuja na baba akiwa mtoto, wakati wa ule ukame wa 1979 hadi 1981 ambao Waturkana wanauita Lopiar. Mifugo iliyobaki baada ya wizi ilikufa kwa njaa. Wakateremka Kapenguria mpaka Kitale, wakajenga vibanda vya duara vile vile vya nyumbani, ila badala ya ngozi ni magunia na karatasi za plastiki. Walidhani ni msimu mmoja.

Mwishoni mwa 1991 na 1992 mashamba yalipochomwa, watu waliambiwa wao ni "madoadoa" yanayofaa kuondolewa. 2008 tukasikia neno lile lile tena. Nyanya alikuwa na swali moja tu: doa kwenye nguo ya nani?

Nilipomaliza darasa la nane nilienda ofisi moja kuomba basari. Karani akasoma jina langu la pili, akaniambia nikaombe Lodwar. Lodwar sikuwa nimewahi kufika. Mama akapanda gari kujaribu kwao, Bungoma, akaambiwa mtoto ni wa baba yake. Nilikaa nyumbani mwaka mzima nikiokota vyuma kuukuu. Ndio maana nikiona ile ramani ya rangi siwezi kucheka nanyi.

Mke wangu ni Msabaot. Binti yetu alizaliwa mwaka uliofuata sensa ile, kwa hivyo 2029 karani akija atakuwa na miaka tisa, anaweza kujibu mwenyewe. Saa hii kwa kina mama yake wanamwita Mbukusu, Bungoma wanamwita Mturkana, na nyanya anamwita mtu wa Kitale.