Yadi, Pointi na Jasho Lisiloandikwa

Tarehe 7 Januari 2001, jijini Nashville, timu mbili zilikutana katika hatua ya mtoano ya NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani. Wenyeji, Tennessee Titans, walikuwa na safu ya ulinzi iliyoorodheshwa ya kwanza katika ligi nzima. Wageni, Baltimore Ravens, walishika nafasi ya pili. Ravens walishinda 24–10, na baadaye mwezi huohuo wakatwaa ubingwa. Lakini katika msimu wa kawaida Ravens walikuwa wameruhusu pointi 165 tu katika michezo 16, idadi ndogo kuliko ya timu yoyote tangu ligi ianze kucheza michezo 16 mwaka 1978. Iweje basi waliofungwa kidogo kuliko wote waandikwe wa pili?

Jibu limo katika kipimo chenyewe. Kwa miongo mingi ligi imepanga safu za ulinzi kwa kuhesabu yadi ambazo wapinzani wamesonga mbele. Yadi ni rahisi kuhesabu: uwanja umechorwa mistari, na karani hahitaji kuujua mchezo kwa undani ili ajaze daftari. Hata hivyo, yadi zote hazina uzito mmoja. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikiwa katika jaribio la tatu imebakiza yadi 4 na ikapata 6, walinzi wameshindwa. Ikiwa imebakiza 12 na ikapata 6, walinzi wamefaulu. Daftari huandika 6 katika hali zote mbili. Siku ile Nashville, Titans walipata yadi zaidi ya mara mbili ya walizopata Ravens, na bado wakafungwa.

Je, tuhesabu pointi badala ya yadi? Pointi nazo zina upofu wake, kwa maana mlinzi hubebeshwa makosa ya wenzake wanaopoteza mpira karibu na lango lao. Wala ulinzi bora hautoshi peke yake: mwaka 1977 Atlanta Falcons waliruhusu pointi 129 tu katika michezo 14, lakini walimaliza wakiwa wameshinda saba na kupoteza saba, wakakosa hatua ya mtoano.

Upofu mkubwa zaidi ulimhusu mchezaji mmoja mmoja. Deacon Jones, aliyecheza tangu 1961 hadi 1974, ndiye anayesifiwa kwa kulipa jina tendo la kumwangusha kwotabeki, yaani mrusha pasi mkuu, kabla hajauachia mpira. Lakini ligi ilianza kuliweka tendo hilo katika takwimu rasmi za wachezaji mwaka 1982 tu. Kwa hiyo mtu aliyelipatia jina hana hata moja katika kumbukumbu rasmi. Yeye alikumbukwa, kwani aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa mwaka 1980. Ilibidi watafiti wa baadaye wapekue kumbukumbu za zamani, mchezo baada ya mchezo, ili kumrejeshea hesabu yake yeye na wengine wasio na umaarufu kama wake.

Uasi dhidi ya daftari ulitoka nje ya ofisi za ligi. Mwaka 1988 kitabu cha Bob Carroll, Pete Palmer na John Thorn kilidai kwamba thamani ya yadi hutegemea mazingira yake. Mwaka 2003 Aaron Schatz alianza kuchapisha kipimo kinacholinganisha kila tukio na wastani wa ligi katika hali ileile, huku kikizingatia uwezo wa mpinzani. Naye Neil Hornsby, akiwa Uingereza, alianzisha Pro Football Focus, ambako watazamaji hupitia picha za video na kumpa kila mchezaji, katika kila tukio, alama kati ya −2 na +2. Sifuri humaanisha ametimiza kilichotarajiwa. Hivyo mlinzi aliyemziba mpinzani hata pasi isirushwe kwake aliweza kuandikwa.

Lakini hata hakimu huyu mpya ana mipaka. Anaona alichofanya mchezaji. Mara nyingi hajui kocha alimwagiza nini. Aliyeonekana kuacha pengo huenda alikuwa akitii amri, na kosa likawa la jirani yake.

Nawaandikia haya wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma kwa sababu sote tunaishi chini ya madaftari ya aina hii. Kipimo huzaliwa kutokana na kilicho rahisi kuhesabika, kisha hugeuka kuwa maana ya kazi yenyewe. Tupime, kwani bila kupima hutawala upendeleo. Lakini kabla ya kuisujudia orodha, tuulize maswali matatu: nani aliishika kalamu, alihesabu nini, na jasho la nani lilibaki nje ya mistari?