Nyasi za Ufipa na Matumbo Yanayozisaga

Uwanda wa juu wa Ufipa, kutoka Sumbawanga kupita Chala hadi Namanyere, ni nchi ya nyasi, na uhaba wa miti ndio uliokipa kilimo cha Wafipa sura yake. Majirani zao Wabemba, upande wa Zambia, walikata matawi na kuyachoma wapate jivu la kurutubishia shamba. Mfipa, asiye na msitu wa kuchoma, alizifukia nyasi. Wakati wa mvua alizilundika na kuzifunika kwa udongo katika matuta ya mviringo yaitwayo intumba, akayaacha yaoze, na msimu uliofuata akayasambaza na kupanda ulezi. Nyasi hizohizo zililiwa pia na ng'ombe wake. Historia ya kilimo cha Ufipa ni historia ya njia mbili za kuozesha nyasi, na anayeiandika kwa kuwatazama watawala na wafua chuma peke yao amewasahau vibarua walio wengi kuliko wote, yaani bakteria.

Ni bakteria gani watakaoifanya kazi hiyo? Nadai kwamba kinachoamua kwanza ni mahali nyasi zinapoingia, na nyasi zenyewe huja baadaye. Ndani ya tuta mna hewa, kuvu, wadudu na baridi ya usiku, na uozo huchukua msimu mzima. Rumeni, lile tumbo kubwa la kwanza la ng'ombe, halina oksijeni, joto lake ni kama nyuzi 39, na ukali wa asidi yake hupunguzwa na mate yanayoweza kufika lita 100 kwa siku. Bakteria wengi wa humo hawaivumilii hewa, hivyo hawana maisha tutani. Wa tutani nao wakimezwa hukuta makao yasiyowafaa. Hilo lilionekana mwanzoni mwa miaka ya 1890, pale ugonjwa wa sotoka ulipoteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki na kushuka kusini kupitia ukanda ulio kati ya maziwa Tanganyika na Nyasa. Nyasi zilibaki, na udongo wenye bakteria wake ulibaki. Kilichokosekana ni tumbo, na pamoja nalo maziwa.

Mtu atasema kwamba ninachokiita kazi ya tumbo ni kazi ya chakula tu, kwa kuwa kila mnyama hula chake. Pingamizi hili lilijibiwa vizuri Marekani mwaka 2006, pale John Rawls na wenzake walipowapa samaki wadogo waliokuzwa bila bakteria yoyote bakteria wa tumbo la panya, na panya wa namna hiyo bakteria wa samaki. Bakteria wageni hawakubaki katika uwiano waliokuja nao: ndani ya samaki walielekea kupangika kisamaki, na ndani ya panya kipanya. Ushahidi wa karibu na Ufipa unatoka Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika. Vinyesi vya sokwe wa huko vilitumika katika utafiti wa mwaka 2016 ulioonyesha kwamba baadhi ya koo za bakteria wa tumboni zimegawanyika sambamba na wenyeji wao, tangu mababu wa binadamu na wa sokwe walipoachana mamilioni ya miaka iliyopita.

Pingamizi zito zaidi linatoka Kenya. Mwaka 2019 watafiti waliowapima nyani wa eneo la Amboseli, ambako nyani wa manjano na nyani wa kijani huzaliana, walikuta kwamba udongo wa mahali ulieleza tofauti za bakteria wao zaidi kuliko nasaba. Nalikubali, ila nasema lina mpaka. Nyani hao wawili ni ndugu wa karibu mno, na matumbo yao yamejengwa kwa ramani moja. Spishi isipobadili jengo la tumbo, udongo hupata nafasi ya kusema. Mlinganishe nyani na mbega mwekundu wa msitu wa Mbizi, juu ya Sumbawanga. Kwa ukoo mbega yuko karibu na nyani kuliko na ng'ombe, lakini tumbo lake lenye vyumba huchachusha majani kabla hayajafikia asidi, kama afanyavyo ng'ombe ingawa hacheui. Hapo jengo limeushinda hata ukoo.

Msitu wa Mbizi unazidi kupungua kwa moto na ukataji. Mbega wake wakiisha, jamii ya bakteria iliyojengeka ndani yao haitahamia kwa ng'ombe wa Chala, hata kama ng'ombe hao watalishwa majani ya miti ileile.